Madumu Matano Yaliyoshushwa

Ukitaka kuniona nimekasirika, niambie, "Maji tutayapata mbele." Niliambiwa hivyo na mwenyekiti wa safari yetu, na hasira ile sijaimaliza.

Nauza mabegi na viatu vya mtumba sokoni Bariadi. Kwa hiyo jumuiya yetu ilipopanga kutembea siku tatu kutoka Bariadi mpaka Shishiyu kwenda kusali, suala la vifaa likaniangukia mimi. Watu thelathini na mmoja, kulala kwenye mahema, pikapu moja ya mizigo. Wengi walijiandikisha kwa sababu wenzao wamejiandikisha. Mama yangu alikwenda kwa nadhiri. Mwaka uliotangulia mgongo ulimlaza hadi ikawa anabebwa kwenda chooni, akamwahidi Mungu kwamba akisimama tena atatembea mpaka kanisani alikobatizwa, kule Shishiyu, bila kupanda kitu chochote.

"Nikipanda hata baiskeli hatua kumi," aliniambia, "nitakuwa nimemdanganya Mungu. Na yule hasahau."

Basi nikajipanga kwa ajili yake, wale thelathini wakafaidi. Viatu vyake nilimpa mwezi mzima kabla, raba zilizozidi namba moja, maana ikifika alasiri mguu huvimba. Akaenda nazo shamba, akaenda nazo kanisani, watu wakamcheka. Mteja akija kwangu siku moja kabla ya safari akitaka kiatu kipya namuuzia, biashara ni biashara, lakini namwonea huruma. Soksi jozi mbili. Mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuanza kutembea, siyo baada ya lengelenge kupasuka.

Mahema niliyafungua yote uani kwangu. Hema la mtumba huweza kuja na fimbo za jirani yake, na usipolisimamisha nyumbani utalijua vizuri porini. Moja lilipungukiwa vigingi vinne, nikampelekea fundi wa kuchomelea akanikunjia vipande vya nondo. Begi nikawafundisha: kizito kikae karibu na mgongo, mkanda ufungwe kiunoni, bega libaki la kutundikia kitenge.

Na maji. Ulikuwa mwezi wa kumi, mito yetu yote mchanga mtupu. Lita tano kwa kichwa kwa siku, za kunywa na kupikia. Madumu manane ya lita ishirini, na kila jioni pikapu iende kuyajaza. Jioni ya kuamkia safari nikayahesabu yakiwa kwenye pikapu, manane. Nikanawa mikono, nikarudi, nikahesabu tena, manane. Kosa langu ni hilo: nilihesabu mara mbili, na zote mbili zilikuwa kabla mwenyekiti hajaamka.

Tulipopumzika mara ya kwanza, tumeshatembea saa tatu, nikafunua turubai.

"Mwenyekiti, madumu yangu matano yako wapi?"

"Yako salama, dada. Tumeyashusha kwa mlinzi, Bariadi."

"Na hiki kilichokaa mahali pake?"

"Spika na jenereta. Na boksi la fulana. Sasa tuingie Shishiyu kimya kama tunakwenda msibani?"

"Na maji?"

Akacheka, akageukia wenzake. "Huyu dada kazaliwa Usukumani au kaletwa na basi? Lini umeona Msukuma anamnyima mgeni maji? Kupita kwenye miji ya watu umebeba maji yako ni kuwatukana. Tutayapata mbele."

Watu wakacheka naye. Na kibaya zaidi, alichosema ni kweli. Kwetu mgeni hanyimwi maji. Mwenye mji, maana kwetu kaya ni mji, atakupa hata kama hujafungua mdomo, na ukikataa anajiuliza amekukosea nini. Mtoto anajua hilo kabla hajaota meno. Yule bwana alichukua adabu ya watu ambao hajawahi kuwaona, akaipakia kwenye pikapu kama kifaa, akashusha madumu yangu. Nikamwambia gari irudi ikayachukue. Akasema mafuta yamepimwa. Ya jenereta yalikuwepo.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye uwanja wa shule. Kisima cha shule kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa mnadani; pikapu kwenda kutafuta kwingine, nikaambiwa tena mafuta yamepimwa. Tukapikia tulichobaki nacho. Asubuhi kila mtu akapata kikombe kimoja na nusu. Hiyo nusu niliigombania mimi.

Siku ya pili, saa saba mchana, ndani ndani huko Itilima, tukaingia kwenye mji mmoja: nyumba mbili za bati, zizi tupu, mti mmoja wenye kivuli chembamba. Mwanamke mwenye mji alikuwa na watoto wanne. Ng'ombe na mume walikuwa wamefuata malisho mbali. Akapiga magoti, akamsalimu mama kwa Kisukuma, salamu ya mchana, na mama akamwitikia kama mwanawe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanawane."

Akaingia ndani, akatoka na dumu moja. Nililiangalia linavyobebwa: lilikuwa nusu. Nikachungulia mlangoni, sina aibu ya kuchungulia, nikaona mtungi, nao umefunuliwa, mtupu. Hapakuwa na kingine. Akaanza kutugawia kwa kikombe cha plastiki, mwenyekiti wa kwanza. Mwenyekiti akanywa, akashusha pumzi, akanyoosha kikombe tena. Watoto wanne walikuwa wamesimama ukutani wakifuata kile kikombe kwa macho, kinavyopanda na kinavyoshuka.

Kikafika kwa mama. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na tangu saa nne alikuwa amenishika bega, anasema ni kwa mapenzi tu.

"Mimi nimetosheka," akasema.

"Kunywa, mama," mwenyekiti akamwambia. "Msukuma hanyimi mgeni maji."

"Ndiyo. Na mgeni hamalizi."

Mama akamrudishia mwanamke kikombe kwa mikono miwili, akataka kukaa, akakaa vibaya, miguu ikamkatalia.

Mwenyekiti akaja na suluhisho lake. "Tumpandishe kwenye pikapu. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," nikamwambia, "wewe ndiye huelewi. Ungeelewa dumu ni nini, mama asingekuwa chini. Unamwambia mwenye mgongo wa kuungaunga avunje nadhiri ili spika isikose nafasi?"

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Iko wapi hiyo heshima niivunje? Nishushie hema moja na madumu mawili matupu, uende."

Alishusha. Wakaondoka wakiimba, ishirini na tisa.

Nikachukua dumu moja na ndoo ya yule mwanamke, yeye akajitwisha dumu lingine, tukaenda mtoni. Mto wenyewe ni mchanga. Unachimba kwa mikono mpaka kiunoni, unasubiri maji yajikusanye chini kama machozi ya mtu mwenye kiburi, unachota kikombe, unasubiri tena. Niliuliza kama hufanya hivi kila siku. Akaniangalia kama nimeuliza kama hupumua. Tulirudi jua limelala. Nikajaza mtungi wake kwanza. Mama akakubali kunywa maji yale, nikamtilia chumvi na sukari, kijiko cha sukari kimejaa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na akayanywa taratibu akiwatania watoto wale wanne kwa Kisukuma mpaka wakacheka.

Tulipumzika pale siku nzima iliyofuata. Jioni yake simu ikashika mtandao kidogo, ikaingia picha kwenye kundi la jumuiya: fulana mpya, mikono juu, spika katikati. Chini imeandikwa, "Sote tumefika salama, utukufu kwa Mungu." Sote! Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika lingine baya zaidi, nikalifuta pia kwa sababu mama alikuwa akisoma begani kwangu.

"Waache," akasema. "Hawakuweka nadhiri."

Tukaondoka alfajiri ya siku ya nne. Kila mmoja alibeba lita tano mgongoni, mama pia. Nilimkatalia, akanikatalia. Tulitembea asubuhi, tukalala kivulini mchana, tukatembea tena jua likipoa, na tukalala mara moja zaidi hemani. Sikumhesabia hatua. Nilihesabu mara alizosimama, na kila aliposimama nikaogopa kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Shishiyu tuliingia mchana, hakuna mtu. Kanisa lilikuwa limefungwa na kuku walikuwa wamelala kwenye ngazi. Mama akawafukuza, akapiga magoti, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuwaza mgongo. Alipoinuka alinishika mkono, akavua raba, akaziangalia nyayo zake.

"Haya, nimemaliza na Mungu," akasema. "Sasa nitafutie gari. Sitembei tena hata hatua moja. Na tukifika Bariadi, yule mwenyekiti wako niachie mimi, wewe una mdomo mchafu."