Tope Jeupe la Dobi

Jumanne, tarehe 14 Agosti. Asubuhi mawingu mepesi. Kuanzia saa nne jua kali, upepo kidogo kutoka mashariki.

Siku hiyo dobi wa hoteli ya mbugani alikuwa amebakiza siku tatu astaafu. Miaka kumi na tisa alifua nguo za watu waliokuja kutazama wanyama, na yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kuwatazama. Basi la wafanyakazi lilipita gizani, alfajiri, kwa njia ya lami. Mnyama aliyemfahamu vizuri ni tumbili, mwizi wa soksi. Wajukuu walikuwa wamemchoka: "Bibi, unaishi na kifaru halafu hujui alivyo?" Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Adhuhuri dereva wa watalii aliingia na furushi la nguo za wageni wake, mwalimu mstaafu na mkewe. Uso ameukunja.

"Mmemkosa tena kifaru," alisema dobi, akikung'uta suruali ya mwalimu.

"Nani kakwambia, shangazi?"

"Suruali. Udongo mwekundu wa mtoni mtupu. Siku ya tatu leo unawapeleka mtoni."

"Na kesho wanaondoka. Yule mama ameshaanza kuniita dereva wa swala."

Dobi alicheka mpaka akaegemea beseni. "Wale wa wiki iliyopita walimwona. Suruali zao zililetwa zikiwa na tope jeupe kama majivu, mpaka magotini. Dereva mwenzako aliyewapeleka hakukwambia?"

Dereva akajipiga paji la uso. Mwenzake alikuwa amekataa katakata kutaja mahali, na sasa sababu ilikuwa wazi: tope la magotini maana yake gari lilikwama, wageni wakashuka kusukuma, na kushuka garini ni marufuku. Tena tope jeupe lilikuwa mahali pamoja tu, dimbwi la chumvi nyuma ya kilima cha mawe.

"Shangazi, wewe mpelelezi!"

"Mpelelezi ana ujira wake. Kiti cha mbele, jioni hii."

"Na nguo je?"

"Zitangoja. Miaka yote mimi ndiye ninayezingoja."

"Na meneja?"

"Meneja alisema kiti kikiwa kitupu mfanyakazi apande. Ninyi madereva ndio mnaokipakia majaketi."

Saa kumi jaketi la dereva lilikuwa sakafuni na dobi kitini, kiwiko nje ya dirisha kama mwenye gari. Karibu na dimbwi tairi lilirusha tope jeupe, likatua kwenye mkono wa gauni lake. Dereva akasimama penye ardhi ngumu, akazima injini. Wakangoja. Hakuna kitu, ila jiwe moja kubwa.

Jiwe likatikisa sikio.

Mke wa mwalimu, nyuma, alimshika dobi bega akalibana. Dobi alitazama kwa muda mrefu, kisha akanong'ona: "Maskini, mtu mzima na ngozi haijapigwa pasi."

Gari zima likatikisika kwa kicheko walichokizuia. Kifaru aliinua kichwa, akawatazama, akarudi kulamba chumvi yake.

Asubuhi iliyofuata dobi aliwahi kazini, akafua suruali ya mwalimu, akaipiga pasi kabla gari la wageni halijaondoka. Gauni lake hakulifua. Alilikunja, mkono wenye tope ukiwa juu, akalitia kwenye mfuko wa kwenda nao kwa wajukuu, kisha akaanza mashuka.