Upande wa Pili wa Treni

Wanyonyi alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake, na kazi yake ilimwongezea tabia hiyo. Mwaka wa arobaini na saba alikuwa pota, mchukuzi wa mizigo, katika stesheni ya Eldoret, mji ambao Wabukusu wenzake wengi waliuita Sisibo. Treni ya asubuhi kutoka upande wa Bungoma ilishusha watoto wa shule na masanduku yao ya bati, pamoja na wagonjwa wa hospitali ya serikali iliyokuwa juu ya kilima. Wagonjwa aliwabeba kwa machela, yeye na Kipkorir, Mnandi mmoja asiyejua kufunga mdomo. Masanduku aliyatikisa kwanza. Akisikia kitu kikigonga ndani, alimkazia macho mwenyewe kana kwamba kaiba injini.

Basi shaka ikamfuata mpaka nyumbani. Mkewe, Nangila, alianza kuamka mapema kila Jumatano, akapika uji wa wimbi, akautia kwenye kibuyu na kutoka. Akiulizwa, alisema anakwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa gani? Wa kanisani. Wanyonyi akanywa makombo yaliyopoa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Aliyechochea moto ni Kipkorir.

"Wanyonyi, bibi yako nimemwona huko nyuma, karibu na tangi ya maji," alisema. "Treni ikifika, kuna mtu anashukia upande ule wa mawe. Amejifunika shuka mpaka kichwa. Wanaenda pamoja."

"Mwanaume?"

"Hiyo sijui. Lakini ni mrefu."

Mrefu! Neno hilo lilimla wiki nzima. Aliwapima kwa macho wanaume wote warefu wa mji: karani wa posta, mwalimu wa kwaya, hata mchungaji, Mungu amsamehe. Na tuseme ukweli, aliogopa. Alimpenda Nangila, na aliona nyumba yake ikimponyoka hivi hivi.

Jumatano iliyofuata, treni ilipoingia tu, aliibwaga machela, akapita mbele ya injini na kutokea upande wa pili. Ndio hao! Kwenye mawe na majivu ya makaa, Nangila alikuwa amemshika kiuno mtu mrefu aliyejifunika shuka gubigubi. Wanyonyi hakungoja maelezo. Aliirukia shuka akaivuta kwa nguvu zake zote.

Uso uliotokea ulikuwa wa mama mkwe wake.

Kwa Wabukusu, mwanamume hatazamani na mama wa mkewe, sembuse kumvua nguo ya kichwani. Wakikaribiana njiani, mmoja huingia kichakani. Sasa Wanyonyi alikuwa amesimama na shuka mkononi, na mbele yake mama amekonda, mguu umevimba. Aligeuza mgongo upesi, akatamani ardhi immeze.

"Mama anatibiwa huo mguu tangu wakati wa mavuno," Nangila alisema, akilia kwa hasira. "Ningekuambia, si ungekimbia kazi kila Jumatano? Stesheni masta angekufuta. Mama mwenyewe ndiye alisema atakuwa akishukia huku, wewe usimwone."

Wanyonyi akatazama behewa. Upande huu haukuwa na jukwaa. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mawe palifika kifuani mwa mtu. Na kila wiki mama huyu alikuwa akiruka, na mguu ule, ili yeye asipoteze heshima wala kazi. Aibu ilimchoma.

"Nangila," mama akasema, "mwambie huyo mtu wa reli kwamba leo mguu umekataa kutembea."

Wanyonyi alisikia vizuri sana, lakini alingoja mpaka Nangila alipomwambia. Kisha akaleta machela. Kipkorir akashika nyuma, kimya kwa mara ya kwanza, na Wanyonyi akashika mbele. Akapanda kilima chote bila kugeuza shingo.

Wazee walimpelekea mama mkwe mbuzi wa Wanyonyi wa kuomba msamaha, naye akakubali. Jumatano iliyofuata alishukia jukwaani kama abiria wengine, akiegemea bega la binti yake. Aliyejifunika shuka gubigubi siku hiyo ni Wanyonyi, amesimama mbele ya machela, amebakiza jicho moja la kuonea njia. Abiria wageni walipomwona, kila mmoja alikumbatia sanduku lake.