Samoni Nisiyemwonja

Wewe unayenisikiliza, bandika sufuria ya maji, vuta kigoda ukae karibu na jiko, maana chakula hiki hakichukui muda, na ukitoka kwenda kupiga gumzo barazani utarudi ukute kimeshaharibika. Nataka nikufundishe kupika samoni na tambi. Ni chepesi kuliko pilau. Kama unaweza kuchemsha maji na kukaanga samaki bila ya kumvuruga, nusu ya kazi unaijua tayari. Lakini kwanza nikuhadithie siku niliyokipika nyumbani kwa mara ya kwanza. Mshtuko wa siku ile haujanitoka, na nikikupa mapishi bila ya habari yake nitakuwa nimekupa nusu.

Hoteli ninayofanyia kazi iko Kiwengwa, ufukweni. Wageni hukaa mchana wakiwatazama wanawake wanaolima mwani, na jioni huagiza samaki aliyekuja kwa ndege kutoka Ulaya, na huku nguru na changu wamewapita mbele ya macho. Usiniulize kwa nini. Mimi nilimpika samoni huyo na tambi kwa miaka kumi na moja. Kilikuwa chakula changu. Mgeni akimwita mpishi mkuu kumshukuru, yeye huja mpaka mlangoni pa jiko akaninyooshea mkono mimi, nami huinamisha kichwa nikijifanya sioni.

Na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukionja.

Sababu yake si kubwa. Samaki akishakaangwa, kikaango humwagiwa mvinyo mweupe, ukakauka kidogo, ndipo hutiwa malai, ile krimu ya maziwa. Kumwaga nilimwaga, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kutia mdomoni, hapana. Mama nilimwambia mwezi wa kwanza tu wa ajira. Akasema hayo ni baina yangu na Mola wangu, yeye anachotaka ni nisimletee vijiko vya kule jikoni kwake.

Basi nikajifunza kupika kwa macho, pua na masikio, kama wengi wetu tunavyopika mchana wa Ramadhani. Tambi niliibana kwa kucha nikajua imeiva. Samaki nilimsikiliza. Na kuonja, akanionjea mwenzangu, mwanamume wa makamo kutoka Morogoro, Mkristo, niliyeajiriwa naye wiki moja. Zamu zetu zilikuwa moja na mapumziko yetu siku moja, nikaona ni bahati. Chakula kikiwa tayari nilimsogezea kijiko, naye alionja, akafumba macho, kisha akasema, kila siku kwa maneno yaleyale, "Tayari, dada. Naomba niletee sahani."

Sahani hukaa kwenye kabati la kuzipasha moto, upande wa pili wa jiko, mbali kidogo. Nilimtania kwamba miguu yake imegongewa misumari. Nilimwambia huko kwao lazima wanaume huzaliwa bila ya magoti. Alicheka tu, akangoja niende. Nikaenda, nikarudi na sahani, tukapakua.

Mwaka huu mkewe alipata kazi ya ualimu kwao, wakahama. Nilimsindikiza bandarini, tukaagana kwenye foleni ya boti. Siku chache baadaye, samoni alipofika baada ya kuadimika, nami sijampika tangu mwenzangu aondoke, mpishi mkuu akaniita. Msimamizi wa jiko la samaki anastaafu, akasema, na yeye, mpishi mkuu, amenitaja mimi, ila kuna meneja mpya anayetaka kuona kwa macho yake. Jumamosi nimpikie chakula changu, peke yangu. Kikimridhisha, jiko ni langu. Kisipomridhisha, wataleta mtu kutoka nje na mimi nitabaki chini yake. Akanipa mnofu mzima wa samoni ndani ya boksi la barafu, nikafanye mazoezi nyumbani.

Nilipokea kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Mazoezi ya nini? Niliona nimepata nafasi ya kumpikia mama, bila ya mvinyo, naye hatimaye aujue mkono wa mwanawe.

Tunakaa Malindi, mtaa ulio karibu na bandari hiyohiyo ya boti, ghorofa ya tatu, mimi na yeye. Nilifika baada ya Alasiri nikamkuta mlangoni pa jiko anachambua mchele. Nikafungua boksi. Akaacha mchele.

"Huyu samaki, au kipande cha papai?"

Nikamwambia ndiyo rangi yake. Akauliza kichwa kiko wapi, nikamwambia wenyewe humleta bila ya kichwa. Hapo alishtuka kweli. Kwa mama, samaki asiye na kichwa ni kama mgeni asiyetaka kusema anatoka wapi. Utajuaje amekufa lini kama hukumwona macho? Isitoshe, kwetu kichwa huwekewa mkubwa wa nyumba, na tangu baba afariki mkubwa ni yeye. Alikuwa anauliza haki yake. Nikampa kigoda kizuri zaidi.

Akataka amwoshe kwa ndimu na chumvi, nikamzuia kwa upole. Na wewe sikiliza hapa: samoni haoshwi kwa ndimu. Nyama yake hugeuka nyeupe kabla haijaona moto. Mpanguse kwa kitambaa safi, mpake chumvi na pilipili manga, mwache nje ya friji mpaka ubaridi umtoke. Nikafanya hivyo kwa nusu ya mnofu, nusu nyingine nikairudisha kwenye barafu.

Nikabandika maji ya tambi, nikatia chumvi kwa ncha za vidole, kama nilivyotia miaka yote. Mama kuona tambi akanyanyuka, akaja na kopo la sukari na hiliki mkononi. Utamwelewa ukikumbuka kwamba sisi hapa tambi tunazila za sukari, na tui zito, na zabibu zikiwapo. Tumezijua hivyo tangu utotoni. Nilipomwambia haitiwi sukari, na kwamba italiwa na huyo samaki, alilirudisha kopo kabatini taratibu, kama mtu anayetoka matangani, akakaa kunitazama.

Nikamkaanga samaki upande wa ngozi kwanza, kwa mafuta kidogo na siagi, bila ya kumgusa. Sauti ya kikaango ilipolegea nikamgeuza, nikamtoa mapema, katikati bado laini. Nikatia kitunguu thomu kilichopondwa, nikatia malai, nikachanganya tambi, nikamvunjavunja samaki juu yake. Rangi ilikuwa ileile ya hotelini. Harufu ileile, ukiacha ya mvinyo. Nilipakua nikijisikia vizuri.

Mama akapiga bismillahi, akatia tonge. Alitafuna muda mrefu kuliko inavyohitaji tambi. Nyumbani kwetu chakula hakitukanwi. Alinyoosha mkono tu, akavuta chupa ya achari iliyokuwa mwisho wa mkeka, akaiweka ubavuni mwa sahani yake.

Hapo na mimi nikatia mdomoni, mara yangu ya kwanza.

Kilikuwa chapwa. Sijui nikueleze vipi. Malai kama maji ya chokaa, tambi kama karatasi iliyorowa, na samaki wa watu, aliyevuka bahari zote hizo, hana alichokuja kusema. Nikatia tonge la pili nikidhani ulimi wangu ndio wenye kasoro. La tatu. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, bila ya kejeli, kwa sababu alitaka kujua kweli:

"Mwanangu, wazungu wanakulipa kwa hiki?"

Nikajaribu kujiambia ni mvinyo uliokosekana, lakini mpishi anajua. Kilichokosekana hakikuwa mvinyo. Nikachukua simu nikampigia mwenzangu, na mama akisikia, maana niliwasha spika nikaiweka simu juu ya mkeka. Nikamsalimu, nikamuuliza mke na watoto, kisha nikamuuliza chakula chetu kile kilikuwa na ladha gani hasa.

"Dada," akasema, "umekionja?"

Nikamwambia nimekionja.

"Nilikuwa naongeza chumvi. Na limau. Ukienda kufuata sahani."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Mama akafunika mdomo kwa upindo wa mtandio wake. Yeye mwenzangu, kule aliko, aliendelea kueleza polepole kama anayetua mzigo. Siku ya kwanza alikuwa mgeni, mimi niliyemtangulia siku chache ndiye niliyemwonyesha kila kitu, akaona haya kuniambia. Akarekebisha kimyakimya. Sahani zikarudi tupu, nikasifiwa, na siku ya pili ikawa vigumu zaidi. Baada ya mwezi ikawa haiwezekani tena. Hata ratiba, akasema, yeye ndiye aliyekuwa akiomba tupangwe pamoja, zamu na likizo, nisije nikapika asipokuwepo.

Mshtuko una tabaka zake. Kwanza niliona hasira, kwamba miaka kumi na moja nimetumwa sahani kama mtoto. Kisha nikaona aibu, nikikumbuka nilivyokuwa nikiinamisha kichwa kwa sifa. Kisha nikamkumbuka akicheka ninapomtania miguu yake, na hapo ndipo nilipoumia. Nikamwambia ahsante. Halikutoka vizuri, lakini lilitoka. Nikamweleza habari ya Jumamosi. Akasema kwa sauti ya woga, "Na sasa utafanyaje?" nami nikamjibu sijui, ndiyo ukweli wenyewe.

Mama ndiye aliyekusanya sahani. Akanikumbusha kwamba nusu ya mnofu bado imo kwenye barafu, na kwamba hiki tulichokula, kibaya kama kilivyo, hakikuwa na mvinyo na kimepita kooni mwetu sote wawili bila ya dhambi. "Basi pika tena," akasema, "na mara hii ule huku unapika."

Nikabandika maji upya. Nikatia chumvi, nikachota kwa kijiko, nikaonja: maji tu. Nikaongeza, nikaonja. Nilishangaa inataka chumvi kiasi gani; mkono wangu ulikuwa unaikataa, kwa sababu umelelewa na tambi za sukari na kamwe haukuzoea kuona chumvi ikimwagika kwenye sufuria ya tambi. Niliusukuma kwa nguvu. Maji yalipokaribia ladha ya bahari, nikatia tambi, na samaki nikamkaanga kama mwanzo. Mahali pa mvinyo nikakamua ndimu nusu na nikatia upawa mmoja wa maji yaleyale ya tambi, nikaonja, nikatia malai, nikaonja tena. Mama akala. Chupa ya achari aliiacha ilipo. Alipomaliza akauliza kama kimebaki.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mpishi mkuu nitapika bila ya mvinyo. Akasema basi hakitakuwa kile chakula cha miaka yote. Nikamwambia cha miaka yote hakikuwa changu peke yangu, nikamsimulia yote, sikubakisha. Alikaa juu ya kreti la viazi, ametoa macho. Nilingoja aniondoe kwenye orodha. Hatimaye akasema, "Pika unachoweza kukionja."

Nikapika, kijiko mkononi kama daktari na kipimo chake. Meneja alikula chote, akapangusa sahani kwa mkate, akaniuliza naweza kuanza lini kusimamia jiko. Nilijibu, lakini sikumbuki nilijibu nini. Ninachokumbuka ni kwamba niliipiga picha ile sahani tupu nikamtumia mwenzangu. Akaandika: Sahani kaleta nani? Nikamjibu: Mimi mwenyewe.

Haya, na maji yako nayaona yameshachemka. Tia chumvi, koroga, chota kwa kijiko uache yapoe kidogo, na uyaonje kabla hujatia tambi.