Disketi ya Malaba

Wivu wangu una sauti yake: ni ule mlio mdogo wa laptopu ya binti wa mjomba. Anagusa mara moja, faili imehifadhiwa, yeye anaendelea na mandazi yake.

Kwangu kuhifadhi kulikuwa kazi. Kompyuta yangu ni ya zamani kabisa, ile ya kuchomekwa kwa televisheni. Wakala mmoja wa mizigo hapa Busia alituachia alipohama. Ndani yake naweka nyimbo ambazo akina mama wazee huimba wakipalilia: maneno, mwenye wimbo, anakotoka. Naota siku moja watu wa redio watapiga hodi kwetu kuniuliza. Cheka tu.

Databesi ikanona. Disketi moja ikashindwa kuibeba, mashine ikalalamika nafasi imeisha. Basi nikaikatakata kwa mahali: Busibwabo disketi yake, Alupe yake, Malaba yake, kila moja na kitambaa cha rangi yake. Nikihifadhi, mashine inakoroma. Naenda kuchemsha chai, narudi, bado inakoroma.

Nyimbo za Malaba zote ni za nyanya yetu. Msimu mzima nilipalilia kando yake, nikibeba mistari kichwani mpaka kwenye mashine. Halafu binti wa mjomba akaja likizo na laptopu, nyanya akamvuta akae karibu.

"Huyu ndiye mtoto wangu wa kompyuta."

Wa kompyuta! Na mimi je, wa jembe?

Wiki hiyo mvua ikavuja juu ya meza yangu. Kwetu kitu cha maana huwekwa juu ya spika kubwa ya sebuleni, pale penye kitambaa cha kufuma na picha za komunyo. Nikazipanga disketi hapo, ya Malaba chini kabisa. Nilipokuja kuifungua, mashine ikasema haioni kitu. Na nyanya siku hizi kifua kinambana, haimbi tena.

Binti wa mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. "Spika ina sumaku, boss! Umemfuta nyanya!" Kisha akaniona macho. Akafungua laptopu. "Unazikumbuka?"

"Zote."

"Basi imba, mimi nachapa."

Nikaimba, sauti yangu ya jogoo mgonjwa. Nyanya kwenye kiti chake akawa ananitikisia kidole kila nilipokosea, mabega yakimcheza kwa kicheko. Na yule dada anachapa, vidole havigusi chini! Nilimwonea wivu kila mstari, lakini sikuacha kuimba.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, kidole chake kikaenda pale pa kuhifadhi.

"Ngoja, dada. Hapo nibonyeze mimi."

Akanisogezea. Nikabonyeza. Ikalia mara moja tu, kwisha. Nilitamani ingekoroma kidogo.