Anayeongoza Ndiye Anayefagia

Bado naisikia sauti ya ile injini dereva alipoinua mguu kwenye mafuta. Haikuwa sauti ya injini iliyoharibika. Iliyoharibika hukohoa, hukwaruza, au hunyamaza ghafla kama mtu aliyeulizwa jana alilala wapi. Hii ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inapiga kelele kwa raha zake, mara ikashuka polepole, kwa adabu zote, ikawa mngurumo mdogo wa gari linalomsubiri mtu atoke dukani.

"Turbo imekufa," akasema fundi wetu wa umeme.

Tulikuwa tumeizunguka simu yake, aliyoiegemeza kwenye betri kuukuu, ndani ya gereji yetu ya Kisenyi, Kampala, Jumapili mchana. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, na kwa kuwa raundi moja ya mashindano ya rali ya dunia hupita jirani na kwao, anaamini mchezo wote ni mali ya ukoo wake.

"Haijafa," nikasema. "Amesimama mwenyewe."

Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia na mstari wa mwisho unaonekana pale mbele, karibu kama kutoka gereji mpaka kwa muuza chapati. Dereva ameshika usukani kwa mikono miwili. Kando yake msomaji wa kona, yule anayekaa na kitabu cha noti na kumwambia dereva kinachokuja mbele, alikuwa amekifunga kitabu na anatazama saa, kama mtu anayesubiri chipsi ziive. Sekunde zilipotosha, wakaondoka taratibu. Wakamaliza wa pili. Wa kwanza akawa mwenzao wa timu ileile, ambaye alizihitaji zile pointi ili awe bingwa wa dunia. Mtangazaji akasema hiyo ndiyo roho ya timu. Mimi nikaona kiti changu kinaondoka.

Kiti chenyewe hakikuwa Ulaya. Kilikuwa hatua sita kutoka niliposimama, upande wa kushoto wa gari la rali la Bosi, gari ambalo limepinduka mara nyingi kiasi kwamba paa lake nalijua kuliko milango. Msomaji wake wa zamani alihamia Kanada, nadhani kwa ajili ya usalama. Bosi alipanga kulifanyia gari majaribio Jumamosi moja, kwenye barabara ya vumbi upande wa Mukono, na atakayemsomea vizuri siku hiyo angekaa naye kwenye mashindano yenyewe. Akatangaza mbele yetu sote: kiti cha majaribio ni cha atakayeshinda ubao.

Ubao ni mila yetu. Ni mlango wa friji uliotundikwa ukutani, tunaandika kwa chaki. Mwaka huu tuliuanza baada ya raundi ya Kenya, kwa sababu kabla ya hapo fundi umeme alikuwa na msisimko mwingi na hasikilizi mtu. Majina ya madereva wakubwa tuliyaandika kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye bakuli la nati, kila mtu akavuta chake. Kuanzia hapo, pointi anazopata dereva wako duniani ni pointi zako Kisenyi.

Tulivuta wanne. Fundi umeme alivuta dereva mzuri mwenye bahati mbaya. Haji, mzee wetu anayechomelea vyuma, alivuta kijana ambaye hata yeye Haji hakuweza kulitamka jina lake. Mpwa wa Bosi, aliye chuo kikuu anasomea biashara na hutujia wakati wa likizo, alivuta karatasi ikaonekana ina mafuta, haisomeki, basi ikawa haki avute tena. Mara ya pili akavuta nyota wa timu kubwa. Karatasi zote zilikuwa na mafuta, ile ni gereji, lakini mafuta ya kwake yalionekana mazito zaidi.

Mimi nilivuta mwenzake yule nyota kwenye timu ileile. Dereva wa pili.

"Pole, madam," fundi umeme akaniambia. "Huyo wako ni wa kubeba maji."

Nikamwonea huruma hapo hapo, yule mtu nisiyemjua. Alikuwa ameuanza mwaka vibaya sana, ubingwa ulishamponyoka. Lakini baada ya kuandikwa kwenye friji yetu akaamka. Akashinda raundi moja, akawa wa pili nyingine, akashinda tena. Mimi, msichana wa kaunta ya vipuri, ambaye shule yangu iliishia Senior Four, kidato cha nne, nikawa naongoza gereji nzima.

Ndipo haki ilipoanza kushughulikiwa kwa makini.

"Sikilizeni," akasema fundi umeme Jumatatu asubuhi, mkono kifuani kama anayetoa hotuba. "Duniani, anayeongoza ndiye hutangulia barabarani siku ya kwanza. Anakuta kokoto zimelegea, anateleza, anawafagilia wa nyuma. Ndiyo sheria, ili wengine nao wapate nafasi. Sasa na sisi tuwe kama dunia. Anayeongoza ubao ndiye anafagia gereji."

"Na nilipokuwa wa mwisho, nani alikuwa anafagia?" nikauliza.

"Wewe."

"Kwa hiyo kimebadilika nini?"

"Ile ilikuwa kazi," akasema. "Hii ni heshima."

Basi nikafagia kwa heshima. Miezi mitatu nilifagia kama bingwa, na sikusikia vibaya, kwa sababu kila nikisukuma vumbi niliona barabara ndefu mbele na mimi nasoma kona, namba ikipungua kona inazidi kuwa kali: kulia nne, kushoto tatu inakaza, mruko. Jioni nikipanda boda kurudi Mbuya nilikuwa nazisoma kona zote kimoyomoyo. Siku moja zikanitoka kwa sauti. "Kushoto mbili, usikate," nikasema, na yule wa boda akatii, hakukata kona hata kidogo. Tulipofika akanirudishia chenji kwa mikono miwili na kunisalimu kwa heshima. Kiswahili chetu cha nyumbani, ambacho ukoo wetu ulikuja nacho pamoja na biashara, huku Kampala kina faida yake. Ukitoa amri kwa Kiswahili, lugha ya askari huku, tena Mbuya karibu na makao ya jeshi, hakuna anayekuuliza kitambulisho.

Kisha ikaja raundi moja ya lami. Dereva wangu akapasua tairi, mpwa wa Bosi akapanda juu ya ubao. Jumatatu nikamletea fagio mpaka mkononi.

"Hiyo hapana," akasema Bosi kutoka chini ya gari. Bosi ni Muganda, Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori, na mimi huniita nyabo, yaani bibie. "Ile rali ilikuwa ya lami, nyabo. Lami hakuna kokoto. Mutu ya mbele anakuta njia safi."

"Kwa hiyo nani anafagia, Bosi?"

"Mutu ya nyuma. Ili ya mbele akute safi."

Haji akaishusha miwani yake ya kuchomelea, akamtazama Bosi, akaipandisha tena. Mpwa alitaka kulipokea fagio. Nasema ukweli, mkono wake ulishatoka mfukoni. Lakini alipoona mjomba ameshaamua, akaurudisha.

Wiki iliyofuata Bosi alienda kuandika noti za ile barabara ya Mukono na akanichukua mimi. Haji haoni herufi ndogo, fundi umeme mwandiko wake huusoma yeye peke yake na Mungu, mpwa alikuwa na mtihani. Tulipita polepole mara mbili, yeye anasema, mimi naandika namba na mishale. Penye kona ya tano nikamwambia hiyo si nne, ni tatu, inakaza mwishoni nyuma ya ule mti wa mfenesi. Akarudi nyuma, akaitazama tena.

"Kale," akasema. "Andika tatu."

Hiyo kale moja, yaani sawa kwa Kiganda, niliibeba mwezi mzima. Na raundi iliyofuata dereva wangu akashinda, nikarudi juu ya ubao. Ilikuwa ya vumbi, kwa hiyo, kwa bahati, heshima ya fagio nayo ikarudi.

Ndivyo tulivyofika Jumapili ile ya raundi ya mwisho, na mimi niko mbele ya mpwa wa Bosi kwa pointi nne. Dereva wangu anaongoza mpaka njia ya mwisho kabisa, mwenzake yuko wa pili. Wakimaliza hivyo, kiti ni changu; wakibadilishana nafasi, pointi nne hazitoshi. Na alikuwa anakuja vizuri, jamani, kitabu kinasomwa, gari linaimba. Halafu mguu ukainuka.

Walimhoji akiwa bado amevaa kofia. Akasema amefurahi kwa ajili ya timu, na amepata wikendi nzuri. Macho yake hayakuwa na habari hiyo. Nilijikuta nafuta yangu kwa kitambaa cha kufutia nati, uso ukabaki na grisi, na hiyo ikawa sehemu ya pili ya vichekesho vya siku.

"Madam analilia mzungu," fundi umeme akasema.

"Anampisha mwenzake mbele ya dunia nzima, na mnaita mashindano?"

"Si ni timu? We ukiambiwa na mwajiri pisha, utakataa?"

"Yule kijana hakushindwa," akasema Haji kutoka kwenye kigoda chake. "Amesimama. Kusimama na kushindwa ni vitu viwili, mwanangu."

Wote tukamgeukia Bosi. Alikuwa amekaa juu ya tairi, anasafisha kucha kwa bisibisi. Nilikuwa na hoja zangu nimeshazipanga: kwamba kwenye njia alikuwa mbele, kwamba karatasi ya mpwa ilivutwa mara mbili, kwamba ile kona ya mfenesi nani aliiona. Sikuzisema zote. Nilisema, "Bosi, wewe mwenyewe umeona."

"Nimeona," akasema. "Lakini matokeo ni matokeo, nyabo. Sheria ni sheria. Ubao inasema mupwa yangu."

Sheria zetu zilikuwa imara namna hiyo. Zilipinda kwa mafuta, zilipinda kwa lami, ila siku hiyo ndiyo zilinyooka.

"Na ile noti," akaongeza kwa upole, kama anayenipa zawadi, "wewe uliandika muzuri sana. Sasa pea yeye. Fundisha yeye kusoma. Sisi ni timu moja."

Kwa hiyo Ijumaa, siku moja kabla ya majaribio, nilikaa kwenye kaunta na mpwa wa Bosi, kitabu katikati yetu, namfundisha kazi yangu. Alikuja na kalamu tatu za rangi. Fundi umeme alikuwa akipita kila baada ya dakika tano kututakia masomo mema.

"Dada, hii mushale inaenda wapi?" mpwa akauliza.

"Kushoto. Na huu mstari chini yake maana yake kona inazidi kukaza, kwa hiyo unaisema mapema. Ukichelewa, mnaingia kwenye migomba."

"Ukisoma, unatazama kitabu ama njia?"

"Kitabu. Njia unaisikia kwa makalio."

Akacheka kidogo. Akafungua ukurasa wa tatu, akauangalia muda mrefu. Pale ndipo kona zinapoanza kufuatana, kumi na moja bila hata nafasi ya kumeza mate.

"Mimi siombi hii kiti," akasema kwa sauti ya chini. "Anko ndiye anasema. Mimi kwa gari nikitazama chini, natapika. Hata taxi ya kwenda Jinja, natapika."

"Umemwambia?"

"Anasema nitazoea."

Nilimtazama. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kumchukia, nilishafika mbali, na sasa ananiambia habari za matapishi kwa macho ya ndama. Nyie, hata kuonewa huku hakukunipa mtu wa kumlaumu kwa raha.

"Mwambie tena kesho," nikasema. "Mwambie kabla hamjafunga mikanda."

"Kale," akasema. Lakini tulijua wote wawili kwamba hatasema. Ni mtu wa kusubiri aambiwe, kama yule dereva wangu wa kwenye simu.

Jumamosi asubuhi nilifika wa kwanza, nikafungua gereji kwa ufunguo wangu. Gari lilikuwa limeshaoshwa, limeelekezwa nje, kofia mbili juu ya boneti. Sakafu ilikuwa na vumbi la wiki nzima. Nilikumbuka kwamba bingwa wa ubao hakuwa mimi, na barabara ya Mukono si ya lami, basi fagio nikaliacha lilipo.

Nikafungua mlango wa kushoto na kukaa kwenye kiti. Sikufunga mikanda. Nilichukua kitabu na kusoma kutoka mwanzo, kwa sauti, pole pole kwanza, kisha kwa mwendo wake: kulia tano, moja kwa moja mita themanini, kushoto tatu inakaza mfenesi, usikate. Nikafika mwisho bila kukosea hata moja. Kisha nikatoa kaveera jipya mfukoni, lile la plastiki la kufungia mkate wetu wa asubuhi, nikalipuliza kuhakikisha halivuji. Nikalikunja mara nne, nikaliweka kwenye ukurasa wa tatu, nikakifunga kitabu.