Mkwe Asiyecheka

Siku ile ningepata shimo ningejizika mwenyewe, na suti ya kuazima juu. Tulikuwa mtaa wa Mutanga Sud, kwa kina Alida, tumeenda kumposa, na mnajua kwetu siku hiyo wasemaji wa pande mbili wanataniana mpaka watu wanashika mbavu. Sasa mimi miezi kadhaa kila nikicheka au nikikohoa kisogo kilikuwa kinauma kama kinapasuka, nusu dakika, halafu basi (kwa nini kucheka na si kutembea juani? nilijiuliza kila siku). Niliogopa wakisikia nina shida ya kichwa wataninyima binti, nikaamua: sisemi, na sicheki.

Msemaji wao, mzee mwenye ulimi, akasimama: "Binti tumemutafuta nyumba nzima, kumbe alienda Uvira kuuza samaki wa ndagala!" Watu chali. Mimi nimekaza uso kama karani wa benki. Akaongeza utani, nikakaza zaidi, mpaka baba yake Alida akanong'ona kwa sauti, "Huyu kijana anatuzarau?" na Alida pale mlangoni machozi yakamlengalenga. Utani wa tatu, kicheko kikanitoka puani pamoja na soda, nikashika kisogo, paji likagonga meza, chupa zikalala.

Shangazi yake Alida, muuguzi, akaja mbio, macho yamemtoka kwa udadisi.

"We mutoto, ukikohoa inauma hapa nyuma?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukipiga chafya?"

"Ndiyo."

"Na ukiwa ku choo, ukikaza?"

Jamani! Wote wameinama kusikiliza, hadi msemaji. Nikasema ndiyo, na nyuma mtu akasema, "Masikini, hata ku choo!"

"Basi si zarau, ni ugonjwa," shangazi akawaambia, na wiki iliyofuata akanipeleka mwenyewe kupigwa picha ya IRM, ile ya mashine inayoona ndani ya kichwa. Daktari akatuonyesha: kipande cha chini cha ubongo, kule kisogoni, kimeteremka kidogo kwenye tundu la fuvu linaloelekea shingoni, nimezaliwa hivyo ingawa maumivu huja ukubwani, nikikaza maji ya ubongo yanakosa njia. Niliitazama sana ile picha, maana sikuwahi kujiona ndani.

"Yako ni nyepesi," akasema, "hatupasui, tunafuatilia. Mizigo mizito apana, na mikono ikianza kufa ganzi, urudi mbio."

Alida nilipewa. Siku ya harusi yule mzee akasimama, akanitazama kwa huruma: "Leo nitasema mambo ya huzuni tu, kwa ajili ya mukwe wetu." Nikacheka, nikashika kisogo, ukumbi mzima ukauliza, "Inauma?"

Tangu hapo nikiumwa nasema mapema, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa.