Pembe ya Ugoro ya Bibi

Ugoro siku hizi unauzwa kwenye vifuko vya nailoni, ndugu yangu. Nimeuona juzi sokoni, hapa Kalangalala ninakoishi, umepangwa mezani pamoja na betri za tochi na viberiti. Vijana wanaotoka machimboni wananunua, wanabana chini ya mdomo, wanaondoka zao. Hakuna anayenusa, hakuna anayepiga chafya. Nikasimama pale na kikapu changu cha nyanya, harufu ikanipanda puani, na mimi huyo, nimesharudi Ushirombo kwa bibi, nina miaka tisa na mikono imejaa vumbi la tumbaku.

Kusaga ugoro ndiyo ilikuwa kazi yangu. Bibi hakununua ugoro maisha yake yote. Majani ya tumbaku yalining'inia juu ya jiko mpaka yakauke, yakakaangwa kwenye kigae, kisha yakaletwa kwangu, mjukuu wa kike, nipige magoti kwenye jiwe niyasage na magadi kidogo. Nilipiga chafya mpaka machozi. Mwishoni bibi anadondoshea samli, anafikicha kwa vidole viwili, ananusa, anasema, "Bado. Saga." Weee! Hiyo "bado, saga" niliichukia kuliko fimbo ya mwalimu.

Ukishakuwa laini ndipo unaingia kwenye pembe. Waliosoma wanaiita tabakero. Kwetu ilikuwa pembe tu. Ilikuwa ncha ya pembe ya ng'ombe, haizidi kidole changu cha kati, na babu, ambaye mimi sikumkuta, ndiye aliyeitengeneza. Aliikwangua kwa kipande cha chupa, akaisugua kwa majani ya msasa, akaipaka samli mpaka ukiielekeza juani unaona mwanga upande wa pili. Kiunoni aliichoma vitone kwa msumari wa moto, safu tatu. Kizibo chake kilikuwa cha mti wa mninga, na kilikaa sawasawa hata ukikichomoa kinasema po! Bibi aliivaa shingoni kwa ukanda wa ngozi, pamoja na rozari yake. Baada ya ugali wa mchana alikaa kwenye kigoda, akaigonga mara mbili, akamimina kidogo kwenye ukucha wa dole gumba, akavuta. Akishapiga chafya ya tatu, sisi wajukuu tulijua sasa anaombeka.

Basi kulikuwa na desturi. Jumapili, misa ikiisha, wazee walisimama nje ya kanisa wakagawiana ugoro. Ukiombwa, unatoa. Ukimwona mtu hakunyooshei kiganja, ujue ana neno na wewe. Na kijiji kizima kilikuwa kinaona kwamba bibi na mzee jirani yetu hawanyoosheani kiganja. Ng'ombe wa mzee yule walikuwa wameingia kwenye matuta yetu ya viazi wakala karibu yote. Mwaka ule hatukuwa na viazi vya kukata na kukausha michembe, na badala ya kuomba radhi, mzee akasema bibi hajui kuziba ua. Hee! Bibi akamjibu maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Misimu miwili ikapita, nyumba mbili zinazopakana, hakuna shikamoo wala marahaba. Mimi iliniuma sana, maana wajukuu zake ndio waliokuwa wenzangu wa kucheza, na tulikatazwa hata kuchungulia kwenye ua wa minyaa.

Sasa sikia nilichofanya. Wiki ya Pasaka bibi alituambia tuoshe kila kitu kilichomo ndani. Yeye akaenda kuoga, akaacha pembe imetundikwa. Nikasema, leo bibi atanifurahia. Nikaumwaga ugoro wote, nikaitia pembe kwenye sufuria ya maji yanayochemka na sabuni ya mche. Maskini mimi! Pembe ikilowa maji ya moto inalainika. Ilipotoka, mdomo wake ulikuwa umebetuka upande, na kizibo kikatumbukia ndani.

Bibi alirudi akaniona nalia. Aliitazama pembe, akaigeuza, akaitazama tena. Nilishajiandaa kuchapwa. Akasema taratibu, "Mayu, ipeleke kwa yule mzee." Mayu ni mama; bibi zetu humwita hivyo hata mtoto wa kike mdogo. Nilidhani sikumsikia vizuri. Yule mzee alikuwa fundi wa pembe, hilo nililijua, lakini kwenda kwake!

Nilimkuta uani kwake anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Bibi."

"Bibi mwenyewe? Kakutuma kwangu?"

"Ndiyo."

Akaweka panga chini. Nilipomwambia nilivyoiosha, alicheka mpaka akakohoa. "Umeipika pembe, mjukuu wangu! Ungetia na nyanya!" Akamwita mkewe aweke maji jikoni. Akachonga kijiti cha mviringo, akailainisha pembe tena, akakitoa kizibo, akakisukumia kijiti mdomoni, akaifunga kwa uzi na kuitumbukiza kwenye maji ya baridi. Chai isingewahi kuiva, kazi imekwisha. Kisha akafanya jambo lililonitoa jasho: akaijaza ugoro wake mwenyewe.

Unaelewa maana yake? Kwetu pembe hairudishwi tupu. Lakini bibi akiumwaga ugoro ule chini, basi, ugomvi umefungwa kwa msumari, na hata kwenye msiba hawatazikana. Njia ilikuwa hatua hamsini tu. Nilitamani nijikwae, umwagike wenyewe, lawama ziwe zangu.

Bibi aliipokea. Po! Akaona imejaa. Akanitazama, akautazama ua. Upande wa pili wa minyaa mzee alikuwa amesimama, anajifanya anakata matawi, na hakuna tawi lililoanguka. Bibi akaigonga mara mbili. Akamimina kwenye ukucha, akakaa nao hapo, Mungu wangu, muda mrefu. Halafu akavuta.

Chafya yake iliwatimua kuku.

"Imekubali?" mzee akauliza kutoka kule kwenye minyaa.

"Imekubali. Ila ugoro wako una magadi mengi, kama siku zote."

Nilirukaruka kama ndama. Pasaka ile tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa mzee jirani, na mvua zilipoanza alileta jembe lake la ng'ombe akatulimia shamba lote la viazi.

Miaka ilipita. Nilikuwa likizo kutoka sekondari, mama mmoja akaja na pembe yake imelegea mdomo. Bibi akachemsha maji, akachonga kijiti, akaitengeneza papo hapo huku anapiga soga.

"Bibi, kumbe unajua!"

"Niolewe na fundi miaka yote ile, nisijue?"

"Sasa mbona siku ile ulinituma kwa mzee?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyelipa ada bure. "Ningemwendeaje, mayu, bila kitu kilichoharibika?"

Wote wawili wamekwisha kutangulia, na hao mafundi wa pembe siwaoni tena. Ugoro wenyewe siulilii. Tumbaku ina madhara yake. Ninachokililia ni kile kisingizio. Sisi tukigombana tunafungiana namba za simu, imekwisha.

Mimi mwenyewe nina jirani hapa, tunatenganishwa na ukuta. Tangu masika hatusemezani, kisa maji ya bati langu yanamwagikia uani kwake. Juzi nilipotoka sokoni nikamtuma binti yangu akaniazimie ungo.

"Mama, si tunazo nyungo mbili?"

"Nenda."

Nikasimama nyuma ya pazia. Jirani hakumpa mtoto ule ungo. Aliuleta mwenyewe, nami nikahangaika kuzisukumia zangu chini ya kitanda kabla hajafika mlangoni.